Kikapu Namba Saba

Walituita watu wa gurudumu:
mimi, Tenywa, na yule Mnubi mrefu, Murjan,
wenye grisi kwenye kucha zote kumi
hata siku ya Idi, hata mbele ya padri.

Bustani ilikuwa nyuma ya kiwanda cha nguo, Jinja,
ukivuka reli, ukifuata harufu ya bisi
na kabalagala za Mama Nabirye zikilia mafutani.
Farasi hawakuwepo. Aliyechonga wanyama wa duara
hakupata kumwona farasi, akachonga alichokijua:
kiboko mwenye midomo myekundu,
korongo wawili wenye taji za waya,
na swala aliyepoteza sikio Pasaka moja
ambayo kila mtu aliieleza kwa namna yake.

Nilifika mara ya kwanza nina miaka tisa,
viatu vya kaka, karatasi nimesokomeza mbeleni.
Baba alinunua tiketi moja.
"Mimi naogopa juu," alisema. "Nenda wewe, utanisimulia."
Nikapanda kikapu namba saba.
Nikaona mabati ya Walukuba,
nikaona mto ukiliacha ziwa bila kuaga,
na kila niliporudishwa chini
nikaona mkono wa baba umeinuliwa,
nyuzi za pamba mabegani mwake
kama mvi zilizokosea njia.

Nilichomsimulia sikikumbuki.
Nakumbuka aliuliza mara mbili:
"Na nyumba yetu? Uliiona?"

Nikiwa na kumi na tisa nikaajiriwa palepale,
wiki mbili baada ya kiwanda kufungwa.
Bwana Kirunda alinikabidhi spana, kitambaa,
na madaftari ya zamani ya tiketi niyapange.
Humo nikaikuta bei ya mwaka ule.
Nikaipigia hesabu na mshahara wa mfumaji.
Nikafunga daftari, nikaenda kupaka grisi
mahali palipokwisha kupakwa.

Mji wetu unaozaa umeme
ulilala gizani kama mji mwingine wowote.
Taa zikikatika watu wako juu, kwanza kimya,
halafu mtoto mmoja,
halafu mwanamke akiwaita Yesu na Mtume kwa pumzi moja.
Hapo Murjan huchomeka wenzo wa chuma
tukazungusha, watatu, kikapu kwa kikapu,
taratibu, kama ndoo isiyotaka kuamsha kisima.
Wengine walishuka wakitutukana.
Mwalimu mmoja alitulipa tena.

Asubuhi, kabla ya kufungua, ilikuwa sheria:
gurudumu lijaribiwe kwa mifuko ya mchanga,
kilo themanini kila kikapu.
Siku hiyo baba aliniletea muhogo ndani ya leso.
Alikuwa amekonda; kiwanda kilimlipa kwa ahadi.
Nikamwambia, "Mfuko mmoja umepasuka.
Nisaidie kuwa mchanga."
Akanitazama. Akavua kofia. Akakaa saba,
na nusu mfuko miguuni, kutimiza kilo.

Tangu lile daftari nilidhani nimeielewa hofu yake,
kwamba jina lake halisi ni shilingi.
Lakini alipofika kileleni nilimwona
amefumba macho, vidole vimeng'ang'ania chuma,
midomo inakwenda.
Basi yote mawili yalikuwa kweli.
Nikapunguza mwendo.
Nikainua mkono, na mizunguko yote mitatu
sikuushusha.

"Nyumba," nikamuuliza aliposhuka, "uliiona?"
"Niliiona," akasema, akitafuta kofia
iliyokuwa mkononi mwake.

Leo pale ni ghala la saruji.
Chuma kiliuzwa kwa kilo,
swala alikwenda na nani, sijui.
Ila kule Bugembe, uani kwa Tenywa,
kikapu kimoja kinafugiwa kuku.
Rangi imebanduka; ile saba inasomeka
ukiwa uliijua tangu zamani.
Juzi nilichungulia: tetea amelalia mayai,
macho amefumba.
Nikarudi nyuma hatua mbili
nikasimama pale, mkono nusu juu,
hadi Tenywa akauliza namsalimu nani.